Kichuguu cha Kweli na Kichuguu cha Bahati

Somo la sayansi kwa watu wazima, kama lilivyosomwa katika redio. Wenye vikundi vya kusikiliza wawe na daftari, kalamu, na sarafu moja ya shilingi 100.

  

Juma lililopita tulizungumza habari za atomu. Baada ya somo lile nimepata barua kutoka kwa kikundi kimoja cha Mkolani. Barua yenyewe ni fupi, lakini swali lake ni zito, nami nimeona somo zima la leo liwe jibu lake. Wanaandika hivi: "Tumesikia ya kuwa mwaka 2003 mabingwa wa sayansi walitangaza wameona chembe mpya yenye kwaki tano. Baadaye wakasema haipo. Kisha mwaka 2015 wakasema ipo. Mtu akisema ndiyo, halafu siyo, halafu ndiyo, sisi hatumpi ng'ombe wetu achunge. Je, hawa tuwaamini vipi?"

Nawashukuru kwa swali hili. Sitajaribu kuwatetea mabingwa hao. Nitawaeleza kazi waliyoifanya, hatua kwa hatua, kisha ninyi wenyewe mtaamua kama wanafaa kupewa ng'ombe au hawafai.

Kwaki ni kitu gani?

Kwanza tukumbushane. Chukua punje ya chumvi, uisage, kisha uisage tena, mpaka usiweze kusaga zaidi. Kama ungekuwa na chombo cha kukuwezesha kuendelea, mwisho ungefika kwenye atomu. Ndani ya atomu mna kiini, na elektroni huzunguka kiini hicho. Ndani ya kiini mna chembe za namna mbili, protoni na nyutroni. Hapo ndipo tulipoishia juma lililopita.

Leo twaingia ndani zaidi. Protoni nayo si mwisho wa safari. Mwaka 1964 mabingwa wawili, Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kwa njia yake, walisema ya kuwa protoni na jamaa zake zimeundwa kwa vitu vidogo zaidi. Gell-Mann aliviita kwaki, na jina hilo ndilo lililokaa. Protoni ina kwaki tatu. Nyutroni nayo ina kwaki tatu, ila mchanganyiko wake ni mwingine.

Kila aliyewahi kupika kwa kuni ataielewa sheria hii upesi. Chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Ukiondoa figa moja, chungu chaanguka na mboga zamwagika. Kwaki nazo zina desturi kama hiyo: hukaa tatu pamoja, wala huwezi kuikuta kwaki moja ikitembea peke yake.

Iko njia ya pili. Kila kwaki ina mwenzake wa kinyume, aitwaye antikwaki. Kwaki moja na antikwaki moja zaweza kushikana, zikawa jozi. Basi kuna njia mbili za kukaa: tatu pamoja, au jozi. Kwa miaka mingi, kila chembe ya jamaa hii iliyothibitishwa ilikuwa ya namna moja kati ya hizo mbili.

Lakini hesabu haikukataza zaidi ya hapo. Gell-Mann mwenyewe, katika andiko lake la mwaka 1964, alitaja ya kuwa kwaki nne na antikwaki moja zaweza kuungana, jumla tano. Ni kama kusema mafiga matatu na jozi moja zimekaa katika jiko moja. Chembe ya namna hiyo huitwa pentakwaki, kwa sababu penta katika Kiyunani ni tano.

Sasa angalieni. Jambo lisilokatazwa na sheria si lazima liwe lipo. Sheria haimkatazi mtu wa Mkolani kuwa na ng'ombe elfu kumi, lakini ukitaka kujua kama mtu huyo yupo, hapana budi uende ukahesabu mazizini. Ndivyo ilivyokuwa kwa pentakwaki. Ilibidi itafutwe.

Mtu huonaje kitu kisichoonekana?

Pentakwaki haikai. Ikizaliwa huvunjika papo hapo, kwa muda mfupi mno, hata kufumba na kufumbua ni kama milele ukilinganisha na muda huo. Hakuna aliyeiona wala atakayeiona kwa macho. Kinachoonekana ni watoto wake tu, yaani chembe nyingine zinazoruka pale mama alipovunjika. Vyombo vya mabingwa hupima watoto hao: kila mmoja ni wa namna gani, ana mwendo gani, na amekwenda upande gani. Kwa kujumlisha nguvu na mwendo wao, bingwa hupata uzito wa mama.

Nitatoa mfano. Lori la mahindi limepita usiku katika barabara ya Shinyanga, hapa hapa Mkolani, na gunia moja limeanguka likapasuka. Asubuhi mwakuta mafungu mawili ya mahindi barabarani. Mkiyapima yote mawili na kujumlisha, mtajua gunia lilikuwa na uzito gani, ijapokuwa gunia lenyewe hamkuliona likianguka.

Lakini sasa fikirini ya kuwa malori mengi yamepita, na vitu vingi vimeanguka, na mafungu yamezagaa kila mahali. Mkichukua fungu la gunia hili na fungu la gunia lile, jumla mtakayoipata haina maana yo yote. Mtafanyaje?

Bingwa hufanya hivi. Huchukua mafungu mawili mawili, akajumlisha, akaandika jumla katika daftari. Akikosea kuyaoanisha, jumla zake hutawanyika huku na huku: 40, 63, 71, 112, bila mpango. Lakini kama kweli yalikuwapo magunia mengi ya kilo 90, basi jumla ya 90 itarudi mara nyingi kuliko nyingine. Akichora hesabu zake katika karatasi, ataona uwanda uliolala, kama mbuga za Usukuma, na penye 90 pameinuka kichuguu.

Kichuguu hicho ndicho ushahidi wake. Kila ninaposema kichuguu katika somo hili, nina maana ya mahali ambapo hesabu zimerundikana kuliko zinavyopaswa kurundikana kwa bahati. Na hapo ndipo taabu yote inapoanza, kwa maana bahati nayo hujenga vichuguu.

Zoezi la sarafu

Tafadhali chukueni ile sarafu ya shilingi 100. Upande mmoja una sura ya Mwalimu Nyerere, na upande wa pili una swala. Mmoja wenu airushe mara 10, na mwingine aandike. Nawapa nafasi kidogo.

Haya. Huenda mmepata sura ya Mwalimu mara 5, au 4, au 6. Huenda wengine wameipata mara 7. Je, ninyi mliopata 7 mtasema sarafu yenu ina hila? Msiseme. Sarafu iliyo safi kabisa hutoa 7 au zaidi karibu mara moja katika kila majaribio 6. Lakini kama ungeirusha mara 1,000 ukapata sura ya Mwalimu mara 700, hapo ungekuwa na haki ya kuitilia shaka, kwa kuwa bahati haifiki huko. Saba katika kumi, na mia saba katika elfu, kwa kusema ni kitu kile kile. Kwa ushahidi si kitu kimoja hata kidogo.

Sasa liko jambo la pili, nalo ni la hatari zaidi. Tuseme watu 50 wa Mkolani wamerusha sarafu, kila mtu mara 10. Kwa bahati tupu, wawili au watatu kati yao watapata sura ya Mwalimu mara 8 au zaidi. Wale wengine 47 hawana habari ya kusimulia, kwa hiyo wanakwenda zao kulala. Wale watatu wanakwenda sokoni na kusema, "Sarafu zetu zina ajabu!" Kesho yake mji mzima unazungumza habari za sarafu za ajabu. Hakuna aliyesema uongo. Wametusimulia walichokiona. Lakini hatukuwauliza wale 47.

Yashikeni mambo hayo mawili, hesabu ndogo na watu walionyamaza, maana yatatusaidia sasa hivi.

Habari ya mwaka 2003

Mwaka 1997 mabingwa watatu wa Urusi, Dmitri Diakonov, Victor Petrov na Maxim Polyakov, walipiga hesabu wakasema ya kuwa pentakwaki moja yapaswa kuwa na uzito wa kama 1,530. Kipimo hicho ni kile ambacho protoni ina uzito wa 938. Basi watu wakajua mahali pa kutazama.

Huko Japani, katika mkoa wa Hyogo, upo mtambo mkubwa uitwao SPring-8. Kundi la watu likiongozwa na Takashi Nakano wa Chuo Kikuu cha Osaka lilipiga miali ya nguvu juu ya kipande cha plastiki chenye kaboni, kisha likapima chembe zilizoruka. Wakajumlisha kama tulivyojumlisha mahindi. Penye uzito wa 1,540 wakaona kichuguu.

Kilikuwa kikubwa kiasi gani? Mahali pale walihesabu matukio 36. Kwa makadirio yao, uwanda peke yake, bila chembe mpya, ungetoa kama 17. Ziada ilikuwa 19. Walitangaza habari hizo katika gazeti la wataalamu mwezi Julai 2003, na chembe ikapewa jina la herufi ya Kiyunani, Theta.

Habari ilienea kama moto wa nyasi. Mwaka ule ule kundi la Moscow lilisema limeona kichuguu. Kundi la Bonn, Ujerumani, likasema limeona. Kundi la maabara ya Jefferson, katika jimbo la Virginia, Marekani, nalo likasema limeona. Kwa muda mfupi makundi kama 10 yalikuwa yamesema yameona. Ndugu zangu, mashahidi kumi! Katika baraza la wazee, mashahidi kumi wangetosha kumaliza kesi.

Lakini palikuwa na wengine waliotafuta wasione kitu, na sauti zao mwanzoni hazikusikika sana, kama wale 47 wa sarafu. Tena vichuguu vile kumi havikukaa mahali pamoja sawasawa. Kimoja kilikuwa huku kidogo, na kingine kule kidogo. Wazee wa baraza, mashahidi wasipopatana juu ya mahali, hupiga kimya wakafikiri.

Waliosema wameona wakahesabu upya

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa kuwa hapa ndipo penye jibu la barua ya Mkolani.

Maabara ya Jefferson ilikuwa imeshasema imeona. Ingeweza kunyamaza na kula sifa yake. Badala yake watu wake walirudi kazini wakafanya jaribio jipya, safari hii wakikusanya matukio mengi mno kuliko ya kwanza. Ni kama mtu aliyepata 7 katika kumi, akasema, "Ngoja nirushe mara elfu."

Mwaka 2005 walitangaza walichokipata walipopiga protoni. Palikuwa uwanda mtupu. Mwaka 2006 wakatangaza jaribio jingine, lililofanana na lile lao wenyewe la mwaka 2003, lakini lenye hesabu kubwa zaidi ya mara kumi. Palikuwa uwanda mtupu. Kichuguu chao cha kwanza kilikuwa kimetoweka, na wao wenyewe ndio waliosema hivyo mbele ya watu wote.

Kundi la Nakano halikukata tamaa. Mwaka 2009 lilichapa hesabu nyingine iliyoonyesha kichuguu tena. Lakini makundi mengine hayakukiona, na mpaka leo Theta haijathibitishwa.

Walikosea wapi, basi? Hawakudanganya. Kwanza, hesabu zao zilikuwa ndogo. Pili, ukubwa wa kichuguu hutegemea jinsi ulivyopima uwanda unaokizunguka. Ukiukadiria uwanda chini kidogo, hata tuta la kawaida litaonekana mlima. Tatu, katika kazi hii mtu hana budi kuchagua matukio ya kuweka na ya kutupa, kama mtu apepetaye mchele. Akijua mapema kichuguu chatakiwa kuwa wapi, mkono wake waweza kupepeta kwa upendeleo bila yeye mwenyewe kujua. Moyo ukitaka sana kuona, jicho hutii.

Msifikiri ya kuwa jambo hili ni la maabara tu. Linaingia nyumbani mwetu kila siku. Mtoto ana homa, na jirani aja kwa nia njema akasema, "Mizizi ya mti fulani iliwaponya watoto wawili wa dada yangu." Jirani hadanganyi. Watoto wale walikunywa mizizi na wakapona. Lakini ni watoto wangapi waliokunywa wasipone? Na ni wangapi wangepona hata bila kunywa kitu? Hao hatukuwauliza. Mzazi akikaa na mtoto nyumbani siku tatu kwa sababu ya hesabu ya watoto wawili, na homa yenyewe ni malaria, huenda siku ya nne akachelewa. Kwa bingwa wa chembe, kichuguu cha bahati humletea aibu. Kwa mzazi, chaweza kumwondolea mtoto. Ndiyo maana nimependa tulisome jambo hili pamoja.

Habari ya mwaka 2015

Sasa twende Ulaya, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, karibu na mji wa Geneva. Huko CERN upo mtambo mkubwa ndani ya shimo la mviringo chini ya ardhi, lenye mzunguko wa kilomita 27. Protoni hukimbizwa humo pande mbili kwa mwendo unaokaribia mwendo wa nuru, kisha zikagonganishwa. Kundi moja la watu wafanyao kazi huko laitwa LHCb, nalo lina watu wengi kutoka nchi nyingi.

Watu hawa walikuwa wakichunguza chembe nyingine iitwayo Lambda-b na watoto wake, kutokana na hesabu zilizokusanywa miaka ya 2011 na 2012. Walikuwa na matukio 26,000 ya chembe hiyo. Walipowajumlisha wawili kati ya watoto wake, waliona kichuguu penye uzito wa 4,450, karibu mara tano ya uzito wa protoni.

Kila mtu katika kazi hiyo aliyajua mambo ya mwaka 2003. Kwa hiyo hawakukimbilia kutangaza. Kwanza walijaribu kukibomoa kichuguu chao wenyewe. Walichukua kila chembe iliyojulikana ambayo ingeweza kuleta watoto kama wale, wakaitia katika hesabu, waone kama zote pamoja zingetosha kueleza walichokiona. Hazikutosha. Hesabu ilikataa kukaa sawa mpaka walipotia chembe mbili mpya, moja penye 4,450, na nyingine nene zaidi penye 4,380.

Desturi ya mabingwa hawa ni kutosema "tumegundua" mpaka nafasi ya bahati peke yake kufanya kazi hiyo iwe moja tu katika milioni 3 na nusu hivi. LHCb walikuwa wamepita mbali sana mpaka huo. Tarehe 14 Julai 2015 walitangaza. Chembe zao zilikuwa na kwaki nne na antikwaki moja. Pentakwaki ilikuwa imepatikana, miaka 51 baada ya andiko la Gell-Mann.

Je, walikwenda kulala? Hapana. Walifanya kama Jefferson walivyofanya: wakahesabu zaidi. Mwaka 2019 walirudi na matukio mara tisa ya yale ya kwanza. Safari hii kichuguu hakikutoweka. Kilizidi kuwa wazi, hata wakagundua ya kuwa kile kimoja cha 4,450 kwa kweli ni viwili vilivyosimama karibu karibu, kimoja penye 4,440 na kingine penye 4,457. Na pembeni wakaona kingine kipya penye 4,312.

Wavuvi wa dagaa wataelewa. Usiku, ukiwa mwaloni, waona taa moja mbali ziwani. Unaposogea na mtumbwi wako, ile taa moja yawa mbili, na mitumbwi miwili yaonekana. Hukukosea kusema pana taa. Ulikuwa mbali tu. Taa ya kweli, ukiisogelea, huzidi kuonekana. Mng'ao wa maji tu, ukiusogelea, hutoweka. Theta ilitoweka walipoisogelea. Hizi za mwaka 2015 zilizidi kuonekana. Tofauti ya ndiyo ya kwanza na ndiyo ya pili ni hiyo.

Mwezi Julai 2022 LHCb walitangaza pentakwaki nyingine, penye uzito wa 4,338, yenye kwaki ya namna ambayo zile za kwanza hazikuwa nayo.

Yaliyobaki

Msidhani ya kuwa sasa kila kitu kimekwisha. Ile chembe nene ya 4,380 bado yahitaji kuthibitishwa zaidi. Tena mwaka 2019 kundi jingine katika maabara ile ile ya Jefferson lilijaribu kuziunda pentakwaki za LHCb kwa njia ya miali, lakini halikuziona. Jambo hilo halikuzibomoa zile za LHCb, kwa kuwa huenda njia ile huzitoa chache mno, lakini limeandikwa katika daftari, na mabingwa hawana ruhusa ya kulifuta.

Liko na swali la ndani. Kwaki hizi tano zakaaje? Je, ni kama watu watano katika mtumbwi mmoja, wamebanana bega kwa bega? Au ni kama mitumbwi miwili, mmoja una watu watatu na mwingine wawili, nayo imefungwa pamoja kwa kamba? Uzito wa zile zilizoonekana mwaka 2019 u karibu mno na jumla ya uzito wa chembe mbili za kawaida, na kwa sababu hiyo mabingwa wengi huelekea kwenye mitumbwi miwili. Lakini ubishi unaendelea.

Huenda mtu akauliza, "Na faida yake kwetu?" Sitawadanganya. Pentakwaki haitapunguza bei ya mafuta ya taa, wala haitajaza nyavu. Faida iliyo wazi ni kujua kamba gani hushika kiini cha kila kitu, pamoja na miili yetu, na maji ya Ziwa hili, na mawe haya makubwa ya Mwanza. Nguvu inayozifunga kwaki tatu ndani ya protoni ndiyo hiyo hiyo inayozifunga hizi tano.

Wala msidhani ya kuwa kazi hii ni ya watu wa mbali peke yao. Kuna shule ya fizikia ya Afrika ambayo tangu mwaka 2010 hukutanisha vijana wa bara letu na mabingwa wa mitambo kama ile ya CERN, kila mara katika nchi nyingine. Mwezi Agosti 2016, mwaka mmoja tu baada ya tangazo la LHCb, shule hiyo ilikutana Kigali, Rwanda, jirani zetu hapa magharibi mwa Ziwa. Mwenye mtoto anayependa hesabu na alijue hilo.

Jibu la barua

Basi nawarudia ndugu zangu wa Mkolani. Mliuliza tuwaamini vipi watu wanaosema ndiyo, halafu siyo, halafu ndiyo. Kwanza nataka tuone ya kuwa ile ndiyo ya kwanza na ile ndiyo ya pili hazikuwa za chembe moja. Theta ya mwaka 2003 haikurudi. Zilizopatikana mwaka 2015 ni nyingine kabisa, nzito karibu mara tatu kuliko hiyo. Hawakuzunguka wakarudi walikotoka. Walifunga mlango mmoja wakafungua mwingine.

Pili, mkitaka kujua kama mchungaji anafaa, hamwulizi kama hajawahi kupoteza ng'ombe. Mwasema, "Je, jioni huhesabu? Na hesabu ikipungua, husema?" Mchungaji asiyehesabu hatapoteza ng'ombe hata mmoja kwa maneno yake, mpaka siku mtakapokuta zizi tupu. Lakini yule aliyekuja jioni akasema, "Wazee, asubuhi nilihesabu 40, nikawaambia 40. Nimehesabu tena mara mbili, ni 39. Nilikosea," huyo mwaweza kumpa ng'ombe wenu kesho.

Mimi kwa upande wangu sisemi mwamini bingwa kwa sababu ni bingwa. Nasema mwulizeni maswali matatu, na mwulizeni pia jirani, mwuza dawa, na mwenye habari za sokoni: Umehesabu wangapi? Wale wasioona umewauliza? Na je, umerudi ukahesabu tena? Akijibu vizuri yote matatu, msikilizeni. Akikasirika, shikeni ng'ombe wenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Elezeni kwa maneno yenu kwa nini matukio 36 hayakutosha kuthibitisha chembe ya Theta.

2. Kila mmoja wenu arushe sarafu mara 10, aandike alichopata. Kisha jumlisheni hesabu za kikundi kizima. Ni ipi iliyo karibu zaidi na nusu kwa nusu, hesabu ya mtu mmoja mmoja au ya wote?

3. Tajeni jambo moja ambalo watu wa kwenu hulisadiki kwa sababu ya visa viwili au vitatu. Mngefanya nini ili kujua kama ni kichuguu cha kweli?

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za nuru, na kwa nini dagaa huifuata taa usiku. Leteni barua zenu, tena zenye maswali makali kama hili la Mkolani. Kwaherini, na usiku mwema.